Shati la Damu Kabla ya Risasi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Pokea kwanza salamu, lawama zitafuata nyuma. Wifi hajambo? Na watoto je, yule wa mwisho ameshaacha kung'ata wenzake? Mimi mzima, cherehani nayo nzima, na Baba ukimtazama kwa macho utasema hana neno, anakula na anatembea. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha chini niandike. Ningepiga simu, lakini nikimtaja Baba tu mtandao wako huwa unaharibika.

Basi ile filamu imetoka. Nilishakudokezea kwamba mwongozaji alikwenda buchani kununua mbavu, akaona Baba anavyomkodolea macho mteja anayelalamikia mifupa, akasema huyu ndiye jambazi wangu mkuu. Baba alijibu kwamba kama kazi yenyewe ni kukunja uso na kushika kisu, ameifanya maisha yake yote, ilikosekana kamera tu.

Mimi nikapewa kazi ya kushona mavazi. Sasa uelewe kitu kimoja, maana bila hicho hutajua kilichonivuruga. Filamu haipigwi kwa mfuatano. Leo mtu anauawa, kesho huyohuyo anapigwa picha akinywa chai na waliomuua. Kwa hiyo shati moja la Baba nililishona mara nne, kitambaa kilekile cha kijivu: safi, la vumbi, lililochanika bega, na la damu, ambayo ni sharubati na rangi ya chakula. Nikayatundika kambani kwa mpangilio, kila moja na karatasi yake kifuani, nikarudi zangu dukani. Hata mtu anayesinzia asingekosea.

Siku ya kuonyeshwa, ukumbi ulijaa. Bunduki zinalia, magari yanapinduka, mtu anarushwa kutoka ghorofani na sijui karushwa kwa kosa gani. Mwanzoni kabisa Baba anaingia ofisini kwa mhasibu wake kunywa chai, na kavaa shati la damu. Hajapigwa risasi bado. Anakuja kupigwa baadaye sana, na hapo kavaa lile safi, ambalo halijaguswa hata na vumbi. Mama mmoja niliyekaa naye aliniuliza huyu mzee anakufa mara ngapi, nikamwambia hata mimi nimepoteza hesabu. Kuna polisi kijana anayemsaka Baba tangu mwanzo, kisha ghafla inasikika sauti isiyo na mwenyewe ikituambia kumbe ni mwanawe aliyepotea. Kapotea lini, wapi, hatukuambiwa.

Lakini Baba, Kaka, nikueleze vipi. Kuna mahali wanakutana ana kwa ana, polisi kamwelekezea bunduki na Baba ana bastola mkononi. Baba anamtazama kijana yule, anamtazama, uso unalegea, midomo inatafuta neno. Halafu anashusha bastola na kumuuliza kwa upole kama amekula. Kijana hajibu. Yule mama alilia mpaka mtandio ukalowa. Mimi nililia pia, na huku nina hasira za mashati, sijui kipi kilikuwa kinanitoa machozi.

Taa zilipowaka nilimfuata mwongozaji nimefura, nikamuuliza ni nani aliyechezea kamba yangu. Akanivuta hadi karibu na mlango wa choo, akaniambia alidhani ninajua. Baba ndiye aliyekuwa akijichukulia shati lolote, na akiambiwa silo, anakuja juu kwamba hajaelezwa. Walijaribu kurudia, lakini kila wakirudia aliwauliza kama kazi ndiyo inaanza. Sehemu za katikati walizitupa kwa sababu maneno hayakumkaa kichwani, ndiyo maana hadithi imejaa mashimo. Na lile swali la chakula halikuandikwa na mtu. Alitakiwa afyatue risasi. Walivyoona alichofanya, hawakuwa na moyo wa kukikata, wakabuni habari ya mwana aliyepotea ili kipate pa kukaa.

Nilitaka kumzaba kibao mwongozaji yule, na nilitaka kumshukuru. Labda amemtumia mzee mgonjwa. Labda ametuhifadhia kitu ambacho sisi tuliokuwa naye ndani hatukukiona. Baba alikuwa ananiita kwa jina la marehemu Mama, nami nikasema ni uchovu wa kamera. Mpaka leo sijui nimlaumu nani, nikishona najidunga.

Kaka, nililokuwa nalizungukia ni hili. Baba hakuwa akiigiza. Kijana yule ana paji lako la uso, na anasimama kama wewe, bega moja juu. Alikuona wewe, siku ile uliyobwaga kisu mezani ukasema bucha si urithi wako, naye akakwambia usirudi. Uliondoka chakula kimeshapakuliwa. Sahani yako alikataza isiondolewe, na hakuwahi kutuambia kwa nini.

Tulipotoka ukumbini watu walimpa mkono, naye akawapa, kwa adabu, kama wageni wa mtu mwingine. Njiani akaniuliza yule mzee mwenye shati la kijivu ni nani, maana kazi anaijua. Ila hadithi yenyewe, akasema, hajaielewa hata kidogo, hasa kwa nini kijana yule aliulizwa kama amekula na akakaa kimya.

Njoo umjibu wewe, kabla hajaacha kuuliza.

Msalimie wifi, wabusu watoto, huyo mng'ataji umbusu kwa mbali. Nakusubiri.

Mimi mdogo wako,
Sindano