Josaphat, jina la mama yako linasomwa la kwanza

Mwaka umetimia sasa, Josaphat, tangu pikipiki uliyopanda iteleze kwenye mteremko wa Kasenyi, ukatuacha. Ulikuwa unaenda kuwanunulia wanafunzi wako samaki kwa sababu walikuwa wamemaliza mitihani. Ndivyo ulivyokuwa: furaha yako ilikimbia mbele, miguu ikifuata.

Watu wa Mudzipela wanakukumbuka, mwalimu wa biolojia mwenye chaki mfukoni hata siku ya Mungu. Kuna majuma ulifundisha bila kukaa, bila kulala, ukicheka na kila mpita njia. Kuna majuma mengine ulifunga pazia, dada yako Alliance akaweka chai mlangoni, chai ikapoa palepale. Hukuficha. "Ugonjwa yangu inaitwa bipolaire, ya roho kupanda na kushuka," ulisema, "na dawa yangu ni hii, angalieni."

Koko wako Bernadette, bibi yako anayependa vitendawili kuliko chakula, ulimtegea kimoja siku moja akipuliza makaa kwenye mbabula, jiko lake.

"Kitendawili, koko!"

"Tega!"

"Niko na mbabula maelfu ndani ya mwili, na moshi hakuna."

Akataja tumbo, akataja roho, akashindwa. "Basi nakupa mji. Twaa Mahagi-Port, na samaki yake yote!"

Ukacheka. "Ni mitokondria, koko. Ziko ndani ya chembe ndogo za mwili, zinachoma chakula tupate nguvu. Kwa siye wa ugonjwa huu, wenye kuchunguza wanafikiri mbabula hizo haziko sawa: pengine zinawaka kupita kiasi, pengine zinafifia. Bado wanatafuta. Na kila mtu, mbabula hizo anazipata kwa mama yake."

Hapo simu ya baba yako mudogo Katsuva, aliyekuwa amekaa nanyi, ikalia, akatoka nje. Akatoka na neno hilo la mwisho, hilo tu.

Juzi tulikaa kupanga tangazo hili la kukukumbuka. Katsuva akapiga meza.

"Jina ya Adèle isisomwe! Mutoto mwenyewe alisema: ile moto mubaya inatoka kwa mama. Ni bulozi yake, ni uchawi. Arudi kwao!"

Mama yako Adèle alikaza kitenge kiunoni. Nje ya lupango, ua wa nyumba yetu, vijana walikuwa wameshasimama, wanasikiliza. Katika amani hii tunayoishika kwa ncha za vidole, siye wote tunajua neno mulozi linafanya nini. Kule juu ya mtaa mama mmoja aliangushiwa nyumba kwa neno hilohilo.

Koko hakupaza sauti.

"Katsuva, weye ulitoka kabla ya mwisho. Mutoto aliendelea: mbabula inatoka kwa mama, ndiyo, lakini mafundi wenye kuitengeneza, wengi wao wanatoka kwa baba na kwa mama pamoja. Na ugonjwa wenyewe hauna mtu mmoja wa kumsukumia."

"Hayo sikusikia."

"Basi tushike ulichosikia. Mbabula za kwako weye, nani alikupatia?"

"Mama, sasa si saa ya vitendawili."

"Jibu."

Katsuva akaangalia chini. "Ni weye, mama."

"Haya. Adèle, binti yangu, leta na mizigo yangu. Tunafukuzwa pamoja."

Hakuna aliyecheka. Katsuva akainuka, akaenda kwenye mlango wa lupango. "Murudi kwenu," akawaambia vijana. "Hapa iko matanga ya mutoto yetu." Wawili wakaondoka. Wengine walichelewa, wakiangalia paa la nyumba.

Ndiyo maana tangazo hili linasomwa kwa sauti kanisani na kubandikwa mlangoni. Kila mtu asikie.

Wanaokukumbuka ni hawa: mama yako Adèle, wa kwanza, aliyekupa moto uliopumulia, na hapa ni kwake, hafukuzwi; koko wako Bernadette, mama ya marehemu baba yako; dada yako Alliance; na baba yako mudogo Katsuva, aliyeomba mwenyewe jina lake lisomwe chini ya la Adèle.

Josaphat, asubuhi ya leo mama yako ndiye aliyewasha mbabula ya lupango. Siku zote tutakutaja.