Baba, Waliniuliza Ukoo Wako

Baba yangu mpenzi,

Juzi posa yangu nusura ivunjike kwa sababu yako. Usinikasirikie kwa kuanza hivyo. Wewe mwenyewe ulinifundisha kuwa habari nzito hutangulia, chai hufuata. Leo ni Jumapili. Mjomba Filibeti na watu wote wa nyumbani wameenda misa, nami nimesingizia kichwa ili nibaki nizungumze nawe. Upepo wa Juni unagonga mabati na hakuna mtu wa kulalamika naye.

Upepo huu uliupenda. Wenzako wa karakana ya ushirika, ulikokuja kutengeneza matrekta, walikuja kazini wamejifunga mablanketi, wewe unapita na vifungo vya shati wazi, ukisema uwanda wa Ufipa ni kwenu kabisa, vilima vya nyasi na ukungu, kasoro bahari tu. Hata uji wa ulezi uliumaliza siku ya kwanza ukaomba tena. Mama alisema hapo ndipo alipojua amepata mume.

Watu walikuita Mwingereza, na kila mara ulikataa. Nakumbuka siku moja dukani umenishika mkono. Mwenye duka akasema, "Karibu, Mwingereza."

"Mimi Mskoti," ukamjibu.

"Si ni kulekule, mzee? Si unasema Kiingereza?"

"Na wewe unasema Kiswahili. Kwani wewe mtu wa Pwani?"

"Aa, mimi Mfipa."

"Basi na mimi nina kwetu."

Alicheka sana, akatupimia sukari, na tulipokuwa mlangoni akatuaga: "Haya, Mwingereza, salimia mama." Ulitikisa kichwa njia nzima.

Ukanieleza siku hiyo kuwa huna ugomvi na Waingereza. Pasipoti yenu ni moja, malkia wenu mmoja, na rafiki yako wa ujana alikuwa mmoja wao. Mnakaa nyumba moja, ulisema, ila kila mtu ana chumba alichozaliwa. Chumba chenu kilikuwa kisiwa kidogo magharibi mwa Uskoti, ambako bibi yangu alisema Kigaeli, lugha ya wazee wenu, jikoni na Kiingereza alikikuta shuleni. Ndiyo maana ulijifunza Kifipa kabla ya Kiswahili, ukaishia kuvisema vyote viwili vibaya, na watu wakakupenda hivyohivyo.

Kisiwani kwenu, ulisema, mtu mzima akimkuta mtoto njiani haanzi na jina lake. Anamwuliza, "Wewe ni wa nani?" Na mtoto lazima ajibu: baba, babu, baba wa babu, mpaka muulizaji aridhike. Ulinifundisha tukipalilia mahindi, mimi mstari wangu na wewe wako, ukinikatiza kila nilipoteleza. Iani mak Ghonil, ihk Unish, ihk Ruari, ihk Iani Vaan. Nayaandika nilivyoyasikia: Iani wa kwanza ni wewe, na mak au ihk ni "mwana wa". Huyo wa mwisho maana yake ni Iani Mweupe, na mama hakukuachia. "Huko kwenu wote weupe. Huyu alizidi nini hata akaitwa Mweupe peke yake?" Ulimwambia ni nywele. Hakuridhika mpaka anakufa.

Kisha likaja soko huria. Wafanyabiashara wakaanza kununua mahindi Laela kwa malori yao wenyewe, matrekta ya ushirika yakaota nyasi, karakana ikafungwa. Wazungu wengine walirudi kwao. Wewe ukabaki unatengeneza mashine za kusaga za watu binafsi, mikono imejaa unga badala ya grisi. Tukamzika mama. Halafu bibi akaugua kule kisiwani, ukaenda kumwuguza, ukaniahidi kurudi kabla ya mvua za kupanda. Shangazi akapiga simu parokiani kutoka huko. Mapafu, alisema. Wamekuzika kwenye makaburi ya watu ambao nayajua majina yao kwa moyo na sijawahi kuona sura zao. Sisi huku tulikaa matanga bila kaburi, watu wakiwa hawajui waelekee upande gani wakati wa kusali. Nina upweke, baba. Nakwambia waziwazi kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia.

Sasa nije kwenye posa. Mwanamume anaitwa Masanja, mtoto wa Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao. Mjomba alinung'unika mwanzoni: "Leo tunawapa njia, kesho watataka shamba." Lakini Masanja ni mpole, na ananicheka pale ninapostahili kuchekwa. Ungempenda.

Walikuja wazee wanne pamoja naye wakaketi sebuleni. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia pamoja na mke wa mjomba, kama desturi inavyotaka, maana bibi harusi hasemi. Wakala, wakasifu ugali. Kisha baba mkubwa wa Masanja, Mzee Nkwabi, akauliza, "Binti huyu ni wa nani?"

"Ni wa dada yangu," mjomba akasema. "Baba yake alikuwa Mwingereza. Ametutangulia."

"Pole sana. Lakini hiyo ni nchi, shemeji. Mimi nauliza ukoo."

"Mzee, Wazungu hawana koo. Wana majina ya kwenye pasipoti tu."

Hakusema kwa ubaya. Wote tunaamini hivyo huku. Mzungu tunamwona kama mtu aliyeshuka na gari lake. Lakini nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

"Hapo tutashindwana," Mzee Nkwabi akasema taratibu. "Kwetu mtoto akiugua tunawataja wazee wa pande zote mbili. Wa binti huyu akiugua, tutamtajia nchi? Kama hana watu, tuseme mapema, tuagane vizuri."

Mjomba alikula nawe miaka yote, na hakuwahi kukuuliza. Masanja naye asingeweza kusema mbele ya wazee wake. Nikaona kabisa kwamba wataondoka, na kwamba nitabaki binti wa Mwingereza aliyekuja akapotea. Mke wa mjomba alinishika kitenge nilichojitanda. "Tulia, mwanangu. Utatuaibisha." Nikamwachia kitenge mkononi nikapita pazia.

Nilipiga magoti, nikapiga makofi kidogokidogo kama watu wazima wanavyosalimiwa Ufipa. "Shikamooni, wazazi wangu. Naomba mnisamehe. Baba yangu ana watu." Nikayasema majina yote, kuanzia lako.

Hakuna aliyecheka. Mzee Nkwabi aliinama kuelekea kwangu. "Rudia, mama. Polepole." Nikarudia, naye akafuata jina moja baada ya jingine, akiyageuza mdomoni mwake mpaka yakakaa. Akauliza huyo Mweupe alikuwa mtu wa kazi gani. Nikamwambia mvuvi na mkulima, ambaye watoto wake waliondolewa shambani ili tajiri afuge kondoo. Aliwatazama wenzake, kisha mjomba. "Watu ni hawa," akasema. "Tunaweza kuendelea."

Harusi ni baada ya mavuno, baba. Mke wa mjomba amenisamehe, na mjomba tangu juzi ananiuliza habari zako kama mtu aliyepata rafiki mpya. Ningetaka kufurahi kama wanavyofurahi wao.

Lakini walipokuwa wanaaga, Mzee Nkwabi alinivuta pembeni, akayataja majina yote kwa mara ya mwisho ili asiyasahau njiani, kisha akaniuliza, "Nimeyatamka sawasawa, binti?" Nikamwambia sawasawa. Baba, sijui kama ni sawasawa. Sijui hata kama mimi nimeyasema yalivyo, au kama nimemtanguliza Ruari mbele ya Unish. Nilisubiri kidogo, nikaona uwanda huu mzima hauna mtu wa kunikatiza.

Pumzika na watu wako.

Mimi mwanao,
Mora