Povu Lililogoma Kupanda

Chatsworth, Durban
9 Agosti 2009

Mpendwa mdogo wangu Kuben,

Hujambo huko Auckland? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Sisi tu wazima. Amma mama yetu anakula, na presha yake imetulia. Nimeamua kuandika kwa sababu nikikupigia simu Amma huja kukaa ubavuni mwangu, na haya sitaki ayasikie.

Samaki wako nusura wafe. Usishtuke, ngoja nimalize. Ule mtambo wa povu uliotuachia wa kusafishia maji ya chumvi ya tangi ulipasuka mwezi wa sita, na dukani hakuna tena kama huo. Maji yakaanza kunuka. Wale wawili wa rangi ya chungwa wakawa wanahema juujuu, na mimi nikitoka kazini nakimbilia kwenye tangi kabla hata sijavua viatu.

Amma ndiye aliyenitia wazimu. Alisogeza kiti chake pale, akaanza kuwalisha kwa mkono na kuwapapasa kama watoto wenye homa. Siku moja akaniuliza, "Saro, hawa wakifa, Kuben atarudi kuangalia nini?" Nikamwambia, "Atarudi kukuangalia wewe, Amma." Akachota chakula kingine, akawalisha. Kuben, swali lile liliniuma sana.

Basi nikaunda mtambo mwenyewe, kwa bomba la maji taka. Jipya, usinicheke! Maji yanaingia, hewa inapuliziwa chini, uchafu unashikwa na mapovu na kutokea juu kwenye kikombe. Shida ni kipimo. Tangi ni lita mia tatu. Nilitaka maji yote yapite humo mara moja kwa saa, yaani lita tano kwa dakika. Bomba langu la sentimita sitini lilibeba lita tano na ushee, basi maji yalikaa humo kama dakika moja.

Mjomba Poobalan wa nyumba ya pili, unajua alivyo fundi bomba hata baada ya kustaafu, akaguna. "Dakika moja tu? Uchafu haujashika hata povu moja, ushatoka! Yape maji dakika mbili, binti."

Nikarefusha bomba mara mbili, likanifika kifuani. Povu? Wapi! Nikadhani nimekosea upana. Nikaleta bomba nene zaidi, nikakata, nikagundisha, nikagombana na kila aliyenisogelea. Kikombe kikavu. Nilikuwa naamka nimekasirika tayari.

Jumamosi moja mwezi wa saba Amma akaenda kulala kwa shangazi. Jumapili asubuhi nakuta povu zito la kahawia limejaa kikombeni! Nikamwita Mjomba aje aone. Tukiwa bado tunashangaa, Amma akarudi, akakaa, akajipaka mafuta ya nazi nywele zote, akasuka, kisha akachota chakula na kutumbukiza mkono kwenye tangi. Povu likanywea mbele ya macho yetu.

"Aiyo!" Mjomba akajishika kichwa. "Dada Logambal, unawakaanga samaki wakiwa hai?"

Mafuta, Kuben! Mafuta yanaua povu. Hata lile bomba la kwanza lingetosha samaki wawili. Mimi nimeinusa nazi ile tangu nizaliwe, wala haikunijia akilini.

Nilimwomba tu Amma anawe kwa sabuni kwanza. Sasa povu linapanda kila siku, maji yanang'aa, samaki wanakula mpaka wanagombana. Nilidhani sasa nitatulia.

Lakini Amma haiamini sabuni. Ameacha kabisa kupaka mafuta. Kichwa kimemkauka, nywele zinakatika, naziokota kwenye mto wake asubuhi. Nimemsihi, nimemkaripia hata. Anasema, "Nitapaka Kuben akija."

Kata tiketi, mdogo wangu. Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Msalimie mkeo Shamla, na umbusu mtoto Yuvani mashavu yote mawili. Mjomba Poobalan anakusalimu, na shangazi pia. Mungu akulinde njia nzima, akufikishe salama mlangoni kwetu.

Dada yako akupendaye, anayekuhesabia siku,
Akka Saroshini