Baba na Plagi ya Seva

Jumatatu, 7 Aprili

Likizo imeanza. Nimeazima vitabu vitatu vya maktaba ya shule, nilipanga kuvimaliza kabla ya Pasaka. Badala yake ninasoma kitabu cha Baba.

Ni kitabu cha mafunzo. Ushirika wa maziwa umewarudisha darasani wasimamizi wake wa kompyuta, majuma mawili, katika ukumbi wa juu wa ofisi hapa Nyeri mjini. Kuanzia sasa nusu ya kazi itabaki kwenye seva, kompyuta kuu iliyo katika chumba cha Baba ofisini, na nusu itakuwa kwenye klaudi — kompyuta za watu wengine, mbali kabisa, zinazofikiwa kwa intaneti. Msimamizi anatakiwa aziendeshe zote kama kitu kimoja. Ile ya chumbani Baba anaijua kama mkono wake. Hii nyingine haijui.

Nilimsikia jikoni akimwambia Mama kwa sauti ya chini. Mfumo mpya ukitulia mpaka Alhamisi baada ya Pasaka, atabaki msimamizi. Ukisumbua, kazi ni ya Gikonyo, kijana waliyemwajiri mwaka jana, na Baba ataenda kituo cha Endarasha kupima maziwa. Mama akasema kupima maziwa si aibu. Baba akasema hakusema ni aibu. Kisha wakaosha vyombo pamoja, polepole. Afadhali wangegombana.

Jumatano, 9 Aprili

Tunasoma pamoja baada ya chai. Baba husoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Leo tulifika kwenye nywila. Karani wa kituo cha Timau akiandika nywila yake kwenye kishikwambi, ni nani anayesema ni sahihi? Kuna njia mbili. Ya kwanza: klaudi inaiuliza seva ya Nyeri kila mara, nayo seva inajibu ndiyo au la. Ya pili: nakala za nywila zinavurugwa zisisomeke, zinapelekwa klaudi, na klaudi inaamua yenyewe.

Baba amechagua ya kwanza. "Hizi paswadi za watu nimezichunga mimi, hapa Nyeri. Siwezi kupelekea watu sijui."

Chini ya ukurasa kuna maandishi madogo: anayechagua njia ya kwanza asizime seva kamwe, au awe na nyingine mahali pengine ya kuipokea kazi. Hiyo nyingine ilikuwa iwekwe Timau. Haijafika.

Hapo nikakumbuka mvua!

Ngurumo ya kwanza ikilia, Baba huchomoa plagi ya seva ukutani. Daima. Nilipokuwa darasa la tatu radi ilichoma mashine ya zamani, na rekodi za wakulima wote zikaenda nayo. Baba na makarani walizikusanya upya kutoka kadi za wakulima, kadi moja moja, hata Krismasi hatukumwona vizuri. Tangu hapo anachomoa, na kila mtu humsifu kwa hilo. Zamani haikudhuru. Makarani waliandika kwa mkono, mvua ikiisha wakaingiza. Lakini sasa?

Nilimwambia. Nadhani nilimwambia. Alikuwa anatafuta stesheni kwenye redio. Nikasema, "Baba, na ikinyesha?"

"Ikinyesha utaanua nguo, mami." (Ananiita mami kwa sababu nina jina la mama yake.)

Nikaenda kuanua nguo. Hata hakukuwa na mvua! Kwa nini siwezi kumaliza sentensi mbele ya mtu?

Ijumaa, 11 Aprili

Baba alisahau miwani, Mama akanituma nimpelekee. Nilitaka kumwachia askari wa lango, lakini askari akasema panda tu.

Mwalimu wao anaitwa Khadra. Ni kijana, anatoka Nanyuki, na anaongea taratibu kana kwamba hakuna mtu anayeweza kumkatiza. Alikuwa anafundisha kuhusu kutotegemea mashine moja. Akasema, "Babangu anauza mifugo Nanyuki. Hajawahi kuachia mchungaji mmoja kundi lote. Huyo mmoja akilala, je?"

Gikonyo akajibu kutoka nyuma: "Wetu halali, madam. Wetu anachomoa plagi!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mtu akaitikia, "Mzee wa Plagi!" Baba akatabasamu — lile tabasamu lake la kupokelea wageni. Mimi nimesimama mlangoni na miwani mkononi. Masikio yaliniwaka.

"Gikonyo," Mwalimu Khadra akasema, "na zoezi la jana, si ulinakili kwa huyo huyo mzee?" Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Gikonyo.

Wakati wa mapumziko aliniita. Baba alikuwa amemwambia kuwa tunasoma kitabu pamoja. Akaniuliza ni wapi pamenitatiza. Nilitaka kusema: mvua. Plagi. Ule ukurasa wenye maandishi madogo. Nikasema, "Hakuna." Akaniangalia kidogo, kisha akanipa akaunti ya mazoezi, ya kujaribu kuingia kwenye mfumo kwa simu. "Chezea tu, dada. Huwezi kuharibu kitu."

Nimeiweka kwenye simu ya zamani ya Baba. Inaingia vizuri. Kiduara kinazunguka, kisha ukurasa unafunguka.

Jumatatu, 14 Aprili

Kesho mfumo mpya unaanza vituo vyote. Baba amepiga viatu rangi mara mbili. Mbingu safi. Mlima wote uko wazi mpaka kileleni. Nimeuangalia kutoka hapa nyumbani, Skuta, mpaka shingo ikauma.

Jumanne, 15 Aprili

Ilinyesha.

Saa tisa na nusu. Ngurumo moja tu, upande wa mlima. Nilichukua simu na kujaribu ile akaunti. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha yakaja maneno mekundu. Nikajua. Nilikaa kitandani na simu mapajani kama mtu anayengoja kuitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Baba amerudi amelowa. Hakula. Kila kituo kilifungiwa nje ya mfumo: Endarasha, Timau, hata wahasibu walio ghorofa ya juu yake. Vitabu vya kuandikia kwa mkono meneja alikuwa ameviondoa juma lililopita, ili watu wasirudie mambo ya zamani. Makarani hawakuweza kupokea maziwa wasiyoweza kuyaandika. Wakulima wakasimama kwenye mvua na mitungi yao. Lori likaondoka.

Mama anasema meneja, Bi. Ngendo, alishuka mwenyewe na kumwamuru Baba arudishe plagi. Baba akakataa. Alisimama mbele ya soketi akasema radi bado iko, mashine itaungua, mnataka tena kama ile siku? Hakutoka hapo mpaka ngurumo zilipoisha.

Ninamwelewa. Hilo ndilo linaloniumiza.

Jumatano, 16 Aprili

Cucu, nyanya yangu, amepiga simu kutoka Endarasha. Anapeleka maziwa ya ng'ombe wake wawili kwa ushirika huu huu. Alimwaga yote ya jana jioni. Mama alikuwa ameweka spika. "Nimepea nguruwe ya jirani. Sasa hiyo nguruwe inanisalimia vizuri kuliko nyinyi." Mama akacheka. Baba akatoka nje.

Meneja amesema hajabadilisha neno lake: wataangalia mpaka Alhamisi. Ila Gikonyo amepewa ufunguo wa pili wa chumba cha seva. Baba alilitaja hilo mara tatu wakati wa chakula. Ufunguo wa pili. Hata hakuomba, amepewa.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani. Baba aliimba kidogo sana. Baadaye Mwalimu Khadra alimpigia. Nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, mwalimu. Hapana, mwalimu. Najua iko kwa kitabu." Mwalimu anataka Baba akubali njia ya pili, nakala za nywila ziende klaudi, ili seva ikizimwa watu waendelee kuingia. Baba anasema atafikiria. Maana yake hapana. Nimeishi naye vya kutosha kujua.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Endarasha, kwa Cucu. Baridi, ukungu, chai nzuri. Jirani mwenye yule nguruwe alipita kusalimia, akamuuliza Baba kama mitambo imepona. Hakuwa na nia mbaya. Baba akajibu kuwa shida ni radi.

Nikasema, "Shida si radi."

Sijui sauti ilitoka wapi. Kila mtu alikuwepo — Mama, Cucu, jirani, na kikombe cha Baba njiani kuelekea mdomoni. Nilitazama meza nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza hapo nimenyamaza milele. Nikasema shida ni kwamba klaudi inauliza Nyeri, na Nyeri imezimwa, kwa hiyo hakuna wa kujibu. Kuchomoa si kosa. Radi ni ya kweli. Lakini huwezi kuchomoa na pia ukatae kutuma nakala. Lazima uchague moja. Na mvua ya Aprili haijaisha.

Cucu akasema, "Haiya. Kumbe huyu huongea."

Baba akaweka kikombe chini. "Ulijua lini?"

"Juma lile la kwanza."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuuliza, na ikinyesha."

Nilitaka kulia. Kisha Cucu akamwambia, huku akimwongezea chai, "Mimi maziwa yangu inakunywewa na watu sijawahi ona. Na kila asubuhi bado naikamua." Tuliporudi Skuta, begi la kitabu Baba alilibeba mwenyewe, mapajani, kama mtoto.

Jumatano, 23 Aprili

Amekubali! Amempigia Mwalimu Khadra leo asubuhi, na mchana kutwa wamefanya kazi pamoja kwa simu. Nakala zimeanza kwenda. Kesho atageuza, klaudi iache kuuliza Nyeri na ianze kuamua yenyewe. Mwalimu amemwonya kuwa mageuzi hayashiki palepale. Yanaenea polepole, na yasipokuwa yameenea, plagi ikitoka, mambo yatakuwa kama Jumanne ile.

Baba ameniomba nimwulize maswali ya kitabu wakati wa chai. Alipata yote isipokuwa moja. Hakufurahi. Alisema, "Kesho ni Alhamisi," kana kwamba sikujua.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekaa dirishani. Mlima umefunikwa tangu saa saba. Mama ameniachia simu yake, ameenda sokoni. Ile ya zamani ya Baba iko mezani, na akaunti ya mazoezi.

Baba aligeuza saa sita. Alinipigia kuniambia. Mimi, kwanza! Akasema usiku utakuwa umeenea kila mahali.

Sasa si usiku.

Ngurumo. Ya mbali.

Nyingine. Si ya mbali.

Amepiga. Anaongea haraka. Meneja yuko naye chumbani, na Gikonyo pia, na ule ufunguo wake. Gikonyo anasema waiache seva, siku ya leo isiharibiwe. Baba anasema itaungua. Halafu akaniambia, "Mami, uko na ile akaunti? Nikichomoa, hata intaneti ya hapa inaenda, siwezi kujua kama imeshika. Wewe utajua. Ingia, uniambie kama inafunguka. Ikikataa narudisha plagi, radi ifanye vile inataka."

Nikasema ndiyo. Nikamsikia akivuta pumzi, kisha mlio mdogo, plastiki ikitoka ukutani, na zile feni za seva ninazozijua tangu utotoni zikapunguza sauti, zikapunguza, zikanyamaza. Akakata simu ili aningoje.

Nimeandika jina. Nimeandika nywila. Nimebonyeza.

Kiduara kinazunguka. Mtandao ni dhaifu, mvua imefika, mabati yananguruma juu yangu. Ninaandika ili nisibonyeze tena. Maneno mekundu hayajatokea. Ukurasa haujafunguka.

Simu ya Mama inalia. Ni Baba. Nyuma yake Gikonyo anasema, "Mzee, rudisha! Si unaona hajapiga? Imekataa!" na meneja anamwita Baba kwa jina, Hezekiah, Hezekiah.

"Mami?"

"Usirudishe, Baba," nimesema. "Ngoja. Haijakataa. Bado inafikiria. Usiguse hiyo plagi mpaka nikwambie mimi."

Namsikia anapumua. Hajakata. Nasikia pia kwamba feni bado zimenyamaza: hajarudisha plagi.

Kiduara kinazunguka.