Njia Iliyofagiwa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Njia imekwisha! Kilomita nane, kutoka uani kwa kaka yangu Candia hapa Dranya, chini hadi kijito, ndani ya msitu, halafu juu mpaka jiwe la kileleni. Nimepima kwa simu mara mbili. Wiki tatu za panga na jembe. Mikono imeota sugu na sijali.

Leo nilipita kufagia mara ya mwisho. Kufagia kweli, na ufagio wa uani. Kati ya kivuko na mkuyu mkubwa nikakuta matawi mabichi yametupwa njiani, mahali patatu, yamekingama kabisa. Wachunga mbuzi hawana kazi. Niliyaburuta nikayatupa korongoni. Sasa hata bibi harusi anaweza kupita na gauni lake.

Jude anakuja na watu wake Jumamosi ya tarehe 15. Jude ndiye mkuu wa chama cha matembezi cha Arua. Kila mwaka wanachagua njia nne tu — nne! — na moja itakuwa yangu. Watu walidhani nikistaafu nitakaa nyumbani Ediofe nikaange mandazi. Nimebeba sanduku la chanjo vijiji hivi vyote, kwa miguu, miaka ishirini na moja. Nani ataniambia mimi habari za njia?

Jumatano, 5 Februari

Moshi kila upande, watu wanachoma nyasi. Nimepaka namba za kilomita kwenye mawe, moja hadi nane, rangi nyeupe. Tano imepinda. Candia anasema ni bata. Candia mwenyewe hajapaka hata mlango wake.

Alhamisi, 6 Februari

Jana jioni Phiona, mkamwana wa Mama Wani wa ng'ambo ya kijito, alikuwa anarudi kutoka kwao Koboko mjini, mtoto mgongoni. Akapita njia yangu. Nyuki wakawavamia. Mtoto kaumwa mara tisa, za Phiona hazihesabiki. Walilala kliniki. Leo asubuhi wametoka, mtoto ananyonya, uso umevimba tu. Mungu ashukuriwe. Sijui nimelisema hilo mara ngapi leo.

Candia ndiye aliyenieleza, polepole, akitazama chini. Mama Wani — Susana, mjane, mwenye mizinga kumi na minne juu ya miti ya pale — anarina asali wiki hii. Akisharina, nyuki wanakuwa wakali siku tatu, nne. Kwa hiyo anakingamisha matawi mabichi njiani. Kila mtu wa huku anajua: ukiona tawi bichi, zunguka. Phiona aliona njia nyeupe, imefagiwa. Akajua mama mkwe amemaliza.

Yale matawi niliyatoa mimi.

Candia akauliza, "Kweli hukujua?" Miaka ishirini na moja na sanduku la chanjo, ndiyo, lakini kila siku kulikuwa na mtu wa kijiji mbele yangu akiniongoza. Mbele sikuwahi kutembea. Hilo sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Februari

Nimekwenda. Nilivaa kitenge, siyo suruali ya matembezi. Sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Mama Wani alikuwa anachuja asali, mikono imelowa hadi kiwiko. Hakuniambia kaa.

Nikasema: Mama Wani, matawi nilitoa mimi. Nilidhani ni takataka. Naomba unisamehe.

"Daktari," akasema. Huku wote wananiita hivyo kwa sababu ya zile sindano, ingawa mimi si daktari. "Nani natuma wewe kufagia msitu? Msitu iko na mwenyewe. Mimi nafunga, wewe nafungua. Mutoto karibu kufa."

Phiona akatoka ndani, jicho moja limefumba, akanisalimia vizuri kuliko nilivyostahili. Nikalia mbele yao. Mimi, ambaye sikulia hata siku ya kustaafu.

Halafu nikauliza kuhusu tarehe 15, aibu au si aibu. Njia inapita kwake karibu kilomita mbili, katikati kabisa. Akikataa, sina njia. Nina vipande viwili tu.

Akatazama mfuko. "Sukari nachukua. Njia, bado."

Jumapili, 9 Februari

Nimempigia Jude baada ya misa, nikamweleza yote, hata ya mtoto. Akasema bila neno la mwenye msitu njia haiingii kwenye orodha, na kama nina shaka niseme sasa, kuna watu wa Kuluva wanamwomba aende kwao. Nikamwambia Kuluva wasubiri.

Candia ana akili zake. Anasema Jumamosi Mama Wani huwa sokoni Koboko mpaka jioni, tupite haraka, nani atajua? Nikamwambia afunge mdomo. Nilimwambia vibaya. Nilikuwa tayari nimewaza hivyo hivyo mwenyewe, usiku mzima.

Jumanne, 11 Februari

Jua halijatoka vizuri, mbwa wanabweka. Mama Wani uani, panga mkononi. "Twende," akasema.

Tumetembea kwake kote. Yeye mbele. Lo, nimeambiwa mambo leo! Njia yangu inapita chini ya mizinga mitatu: hapana. Njia yangu inakanyaga chemchemi ambayo wanawake wanachota: hapana. Pale nilipokata moja kwa moja kupanda, mvua ya Aprili itageuza mto: hapana. "Wewe napenda sana kunyoosha," alisema. "Huku mutu nazunguka kidogo." Nikabishana naye mara mbili. Mara zote mbili alinipeleka nikaone kwa macho, na mara zote mbili alikuwa sawa. Inaudhi!

Mpaka saa tisa tulikuwa tumehamisha kilomita moja na nusu. Anakata kwa mkono wa kushoto, hachoki, na ana miaka sitini na tatu. Mimi hamsini na sita nilikuwa nahema. Nimeziba njia yangu ya zamani kwa mikono yangu mwenyewe, na — niseme ukweli, hakuna anayesoma — hii mpya ni nzuri zaidi. Inapita mahali mbega wanakaa juu, weusi kwa weupe, mikia inaning'inia. Mimi sikuwahi kuwaona. Nilikuwa natazama kipimo cha simu.

Nikauliza: basi umekubali? Akafuta panga kwenye majani. "Nitaona kwanza miguu ya watu yako."

Ijumaa, 14 Februari

Jude kauliza kama Mama Wani amesema ndiyo. Nimesema hapana, hajasema. Anakuja hivyo hivyo, watu kumi na watano pamoja naye. Wakikataliwa kivukoni, wanarudi Arua na mimi nimeaibika mbele ya Arua nzima. Nimepiga suruali pasi.

Jumamosi, 15 Februari

Juu ya jiwe. Saa sita na nusu. Naandika magotini, wengine wanakula.

Tulifika kivukoni saa mbili. Mama Wani alikuwa amesimama ndani ya maji, kitenge amekifunga juu ya magoti. Sokoni hakwenda. Nikawaambia watu kaeni chini, hakuna anayevuka. Ritah, mama mmoja wa benki, viatu vya bei, akauliza tunangoja nini. Nikasema tunangoja mwenyewe. Nilisema kwa sauti, Mama Wani asikie.

Akawapitia mmoja mmoja. Akawanusa! Ritah na wawili wengine walikuwa na manukato, na nyuki hawapendi manukato, basi akawaosha shingo kwa maji ya kijito kwa mkono wake mwenyewe. Mama wa benki! Hakuna aliyebisha. Halafu akasema mstari mmoja, mdomo kimya, akageuka akaongoza. Ndiyo hakusema. Hapana hakusema. Mimi nikabaki wa mwisho.

Watu kumi na watano wa mjini, kimya kabisa, hata kikohozi hakuna. Niliona migongo yao yote ikizunguka pale nilipobishana Jumanne, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyekata kona. Nilijisikia fahari. Walipoona mbega, Jude akageuka kunitafuta mimi huko mkiani, akacheka bila sauti.

Na hapa juu! Kongo upande ule, Sudani Kusini upande huu, moshi wa nyasi katikati. Jude amemwendea Mama Wani sasa hivi, kwa heshima, kofia mkononi: Mama, unakubali tuiweke njia hii kwenye orodha yetu?

Akamtazama. "Wewe nachoka?"

Jude akasema hapana.

"Basi simama. Iko bado."

Na ameanza kushuka upande wa pili wa jiwe. Mimi huko sijakata hata jani. Nilidhani ni mwamba mtupu, kumbe kuna njia nyembamba, ya siku nyingi, imekanyagwa vizuri. Jude akaniuliza mbele ya wote: inakwenda wapi? Nikasema sijui. Nikarudia: sijui, haki ya Mungu. Na wala sikuona haya.

Anaita kutoka chini. Anasema Daktari afunge kitabu, yeye ndiye wa nyuma, na wa nyuma ndiye anahesabu watu. Wanapita mbele yangu. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Jude. Ritah wa mwisho, viatu mkononi, ananiuliza kama nimemhesabu. Kumi na tano. Nafunga kitabu.