Rimu Isiyolia

Namulonga, 4 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na hayo masinia ya chai huko Maun? Sisi wazima, isipokuwa Baba anakohoa usiku kucha, na asubuhi anakana kwamba alikohoa.

Nimepata kazi! Mradi wenu umenikabidhi simu ya simba. Wale simba waliovishwa shingoni kola za setilaiti huko kwenu Botswana wakivuka mto kuja kwetu Namibia, ofisi yenu inatuma ujumbe, nami nakimbia kugonga rimu ya trekta iliyoning'inizwa kwenye mti, ili watu wafunge ng'ombe. Walinichagua kwa kuwa nimemaliza shule. Unanijua, mbele ya watu sauti hunikauka. Lakini rimu inanisemea.

Lile dume kubwa wamelipa jina la Mkwe, kwa sababu huja kula tu, kisha huondoka. Mimi wamenigeuza mke wake. "Sepiso, mumeo kalala wapi leo?" Nacheka huku nimeinama.

Simu hii hairuhusiwi kwa mazungumzo, ndiyo maana nakuandikia. Bwana Libanga wa lori la mradi atakuletea.

Mwanao,
Sepiso

Maun, 11 Aprili

Mwanangu Sepiso,

Marahaba. Mgongo unaniuma, lakini barua yako nimeisoma jikoni mpaka chai ikafurika. Laiti dada yangu angekuwa hai akuone. Mwambie baba yako anywe dawa, aache ubishi.

Usihangaike simu ikikaa siku nyingi bila kulia. Nimewauliza mafundi kwa ajili yako. Ukiona kimya, shukuru Mungu. Maana yake hakuna simba. Lala.

Huku kuna wasiwasi kidogo. Fedha za wafadhili zilikuwa za miaka mitatu, nazo zinaisha Juni. Botswana wanasema simba anakula Namibia, Namibia wanasema analala Botswana, na kila mmoja anamsukumia mwenzake gharama. Wafadhili nao wanataka mradi ujitegemee. Meneja anasema watapatikana wengine. Mimi namimina chai tu.

Mama yako mdogo,
Nasilele

Namulonga, 9 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi si mzima, ingawa siumwi.

Mkwe aliingia zizi la Mzee Mwilima na majike wake. Ng'ombe walikuwa wamefungiwa kwa miiba ya kawaida tu, na wachungaji walikuwa wamerudi nyumbani, maana rimu haikulia. Asubuhi zizi zima lilikuwa limelala chini. Ndama mmoja alikuwa bado anahema, Mzee akammalizia mwenyewe.

Simu ilikuwa chini ya mto wangu. Ilikuwa na chaji, naamini ilikuwa na chaji. Hakuna ujumbe wowote. Lakini nani anaamini? Kisimani mke wa Mwilima aliniambia mbele ya wote, "Ulikuwa umelala na mumeo, ukasahau kutuamsha?" Wakacheka. Ndoo yangu niliiacha pale pale.

Induna, mkuu wetu wa kijiji, ameita baraza. Wanamtaka Baba alipe kwa Komando, dume letu la kulimia. Baba ananiuliza, "Mwanangu, niambie tu, ulisinzia?"  Nimeanza kufikiri labda simu ililia nami sikusikia.

Wewe uko ndani ya ofisi hiyo. Waulize neno moja tu: usiku ule ujumbe ulitumwa, au haukutumwa? Ukiandika haukutumwa, Baba ataisoma barua yako barazani.

Mwanao,
Sepiso

Maun, 2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana. Nimekutumia sukari na blanketi, mpe baba yako salamu.

Mimi ni mtu wa chai, mwanangu, kompyuta siruhusiwi kuzigusa. Na Meneja ametukataza kutoa habari za ofisi mpaka mkutano wa wafadhili upite Septemba. Akinifukuza, nani atawalipia wadogo zako shule?

Wewe ni mtoto, watu husamehe mtoto. Piga magoti barazani, uombe radhi, yaishe. Ng'ombe hununuliwa mwingine.

Mama yako mdogo,
Nasilele

Namulonga, 6 Oktoba

Mama Nasilele,

Natumaini mgongo wako umepona.

Nilifanya ulivyoniagiza. Nilipiga magoti, nikapiga makofi ya heshima, nikasema nilisinzia. Sauti haikutoka, Induna akaniamuru nirudie ili wa nyuma wasikie. Nikarudia. Baba hakuniangalia. Jioni hiyo hiyo Komando alipelekwa kwa Mwilima. Ng'ombe wetu aliyebaki hawezi kuvuta jembe peke yake, na mawingu yameanza kukusanyika.

Baadaye vijana walitia sumu kwenye mzoga. Mkwe alifia karibu na maji, na tai wamemzunguka wamekufa. Mbwa wetu pia.

Wiki iliyopita fundi wenu Oteng alikuja. Hakufuata habari za ng'ombe, alifuata kola. Nilimpeleka. Nilimuuliza polepole, ilikuwaje nisisikie usiku ule. Alinishangaa. "Ungesikia nini, dada? Malipo ya setilaiti yalikatika Juni, tukazima kola zote. Ofisi nzima tulitangaziwa, hata mama wa chai alikuwepo, ndiye aliyetumiminia siku hiyo."

Alikuwa mpole. Aliniambia pia kwamba taarifa ya baraza letu ilisomwa kwenye mkutano: mitambo ni mizima, mlinzi alikiri kusinzia. Wafadhili waliridhika. Fedha zimepatikana, za miaka mitatu mingine. Simu amepewa binti wa Mwilima.

Baba nimemwambia. Akasema, "Wewe ulisema mbele ya watu kwamba ulisinzia. Sasa niwaambie nini?" Akaenda kukohoa nje.

Blanketi lako nampa Bwana Libanga akurudishie. Sukari ilikwisha.

Sitaandika tena. Usihangaike. Ukiona kimya, shukuru Mungu. Maana yake hakuna simba. Lala.

Sepiso Mulela