Togwa Katika Ndoo ya Bati

Jumatano, 8 Juni 1938
Bado tunavuna ulezi. Majirani wamekuja kusaidia. Ester, mke wa mwanangu Yohani, aliwapikia togwa, kinywaji chetu kichachu cha ulezi. Mchana wakaanza kutapika, mmoja baada ya mwingine. Mimi sikunywa, meno yangu hayapendi kitu kichachu. Naogopa.

Alhamisi, 9 Juni
Mke wangu kasema mbele ya wote: "Huyu mtoto wa watu ametutilia kitu!" Akamwonyesha Ester kidole. Siwezi kumwuliza. Kwetu Wanamwanga mkwe hasemi na baba mkwe, wala hamtazami usoni.

Ijumaa, 10 Juni
Wamemfukuza. Amevuka mpaka kurudi kwao. Mtoto wake mchanga wamembakiza, eti ni wa ukoo wetu. Hajaachishwa ziwa. Uji anausukuma kando. Yohani yuko mgodini Saza, hajui. Nilinyamaza. Mwoga mimi.

Jumamosi, 11 Juni
Nimeingia jikoni, nisikoingia kamwe. Togwa ilichachukia ndani ya ndoo ya bati, zawadi ya Yohani. Hadi pale togwa ilipofikia, mng'ao umeliwa, pamebaki weupe kama chokaa. Juu pangali panang'aa.

Ndoo hii ni chuma kilichovikwa zinki. Zinki huzuia kutu, na kwa maji ya kisimani haina neno. Lakini uchachu huiyeyusha, nayo ikiingia tumboni hutapisha. Chungu ni udongo uliochomwa, uchachu haukiwezi.

Nilimweleza mke wangu taratibu. Akajibu: "Mwalimu, hayo ya shule. Tangu lini ndoo ikaloga watu?"

Mtoto amekauka sauti. Nifanye nini, Mungu wangu?

Jumapili, 12 Juni
Sikwenda kanisani. Jana, nilipomwomba, mke wangu alipika togwa kwa mkono wake, nikaimimina ndooni ikalala. Leo nimekunywa bakuli zima mbele yake. Nimetapika hadi nyongo. Alinishika kichwa, analia. "Baba Yohani, nimemfukuza bure."

Jumatatu, 13 Juni
Tumevuka mpaka hadi kwao Ester. Mke wangu kambeba mtoto. Nikaupa mlango wao mgongo nisimtazame, nikasema kwa sauti: "Ester mwanangu, hukukosa. Sisi ndio tuliokosa." Haijawahi kutokea baba mkwe kusema na mkwe. Baba yake aliinamisha kichwa. Mke wangu akamweka mtoto kizingitini. Anasema mikono ilitoka, ikamchukua.

Jumanne, 14 Juni
Tumelala kwao. Asubuhi ya baridi. Ester hajasema kama atarudi, nasi hatujauliza. Nyuma ya ukuta namsikia mtoto. Ananyonya, anapumua, ananyonya tena.